Nyimbo za Msituni na Sauti Zilizozirudia

Jumamosi tarehe 26 Julai 1952, uwanja wa Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, ulifurika watu zaidi ya elfu ishirini. Walikuwa wamekuja kumsikiliza Jomo Kenyatta, rais wa chama cha KAU, aliyezunguka nchi akihutubia. Taarifa ya polisi kuhusu hotuba za siku ile iliandikwa na Ian Henderson, Mzungu aliyekulia Nyeri na kukijua Kikuyu vizuri, na mpaka leo wanahistoria wanaisoma. Miaka minne baadaye Henderson huyohuyo ndiye aliyeongoza msako uliomnasa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni.

Hotuba, basi, tunazo. Nyimbo ndizo zilizotuponyoka. Mikutano ya KAU wakati ule ilikuwa ya kuimba kama ilivyokuwa ya kunena, na miezi michache baadaye nyimbo hizo zikapanda milimani pamoja na waliozijua, zikaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ambako hakuna aliyebeba mashine ya kunasa sauti. Kila rekodi ya nyimbo za msituni ninayoijua ni ya pili: imeimbwa upya baada ya vita, na watu walionusurika au na watoto na wajukuu wao. Rekodi ya kwanza haikuwahi kuwapo. Ninaamini jambo hilo moja linaeleza mengi kuhusu muziki wa nchi ya Mlima Kenya, kuanzia gitaa za miaka ya sitini hadi kijana wa leo anayenguruma kwenye maikrofoni kana kwamba koo lake linapasuka.

Nyimbo hizo zenyewe zilizaliwa kwa kurudia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kanisa la Scotland walijenga kituo Tumutumu, karibu na Karatina, wakafundisha kusoma, uuguzi na tenzi za kanisa. Maneno yalitafsiriwa kwa Kikuyu, lakini tuni zilibaki za Ulaya. Kufikia miaka ya ishirini, mtoto wa Mathira, eneo hilo la Karatina, aliyepita darasa la misheni alizijua tuni hizo kwa moyo.

Mwaka 1929 misheni ziliwataka waumini waukane upashaji tohara wa wasichana. Aliyekubali alitia alama ya kidole gumba kwenye karatasi, kirore, na aliyekataa akafukuzwa kanisani na watoto wake shuleni. Jibu la vijana lilikuwa wimbo. Muthirigu, ngoma ya kuwakejeli wamisionari, machifu na maafisa wa serikali, ulienea katika nchi ya Wakikuyu kwa kasi iliyoitisha serikali. Januari 1930 ukapigwa marufuku, na walioendelea kuuimba wakaadhibiwa. Sina budi kusema kwamba upande uliotetea tohara hiyo haukuwatendea haki wasichana, na wimbo huo una maneno makali ambayo mama wengi wa leo wasingeyakubali. Lakini somo la kisiasa lilikuwa limeshaingia: wimbo unaojulikana na kila mtu unamfikia hata asiyesoma gazeti, na serikali haina njia ya kuukamata ukamatike wote.

Waliotoka misheni hawakuziacha tuni. Walikwenda nazo katika makanisa yao ya kujitegemea na katika shule zao wenyewe, za KISA na Karing'a. Ndiyo maana, siasa zilipochemka baada ya Vita Vikuu vya Pili, watunzi hawakuhangaika kutafuta sauti mpya. Walichukua utenzi uliozoeleka, wakauvua maneno, wakauvika mengine: ardhi iliyochukuliwa, watu waliofukuzwa Olenguruone, chuo cha ualimu cha Githunguri, Kenyatta. Manufaa yake yalikuwa ya wazi. Umati wa maelfu unaweza kuimba wimbo mpya palepale bila mazoezi, maana tuni inawaongoza. Na Mzungu anayepita barabarani asiyejua Kikuyu anasikia ibada. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyekulia Kabete na kuijua lugha, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, *Defeating Mau Mau*, jinsi vijitabu vya nyimbo hizo vilivyokuwa silaha kubwa ya propaganda, na jinsi wakubwa wengi walivyochelewa kulitambua hilo.

Vijitabu hivyo vilitungwa na kuchapishwa na watu wanaojulikana, kina Kinuthia wa Mugia na wenzake. Katika kundi hilo la waandishi na wachapishaji, anayenigusa zaidi ni Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka 1921, mwana wa mchungaji wa Presbyterian wa Tumutumu, akasoma shule ya Alliance, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Mwaka 1948 alichapisha kijitabu kwa Kiswahili, *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*. Mwaka 1952 akatunga Imani ya Gikuyu na Mumbi (mababu wa Wakikuyu wote kwa masimulizi yao), iliyoundwa kwa kufuata Imani ya Mitume inayokaririwa kanisani kila Jumapili. Mwana wa mchungaji alichukua umbo la maneno aliyokaririshwa utotoni na kulitia imani ya taifa. Ndicho kilichokuwa kikifanyika kwenye nyimbo, ila hapa kilifanyika kwa sala.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilianza kukamata viongozi, na hali ya hatari ikatangazwa. Gakaara alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, akazungushwa katika kambi mbalimbali za kizuizini kwa miaka. Huko aliandika shajara kwa siri, nayo ikaja kuwa kitabu mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984, pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Mtambo wake wa uchapishaji alikuja kuuweka Karatina, na miongoni mwa alivyochapa ni nyimbo za Mau Mau. Maneno peke yake, bila sauti.

Maneno mengine aliyahifadhi Karari Njama, mwalimu wa Nyeri aliyekuwa mwandishi wa Kimathi msituni. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1966 chini ya jina *Mau Mau from Within* pamoja na Donald Barnett, zinaonyesha jeshi lililosali likiuelekea mlima na kuimba kabla na baada ya safari. Msituni kuimba kulikuwa na masharti yake. Doria zilikuwa karibu, na ndege za Lincoln za jeshi la Uingereza zilidondosha mabomu juu ya miti. Wimbo uliopigwa kwa sauti kuu Ruring'u sasa uliimbwa kwa pumzi iliyobanwa.

Aliyeishi katika hali hiyo muda mrefu kuliko wengi ni Muthoni wa Kirima. Alianza kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari, akaingia msituni mwenyewe, akapanda cheo hadi kuwa Field Marshal, mwanamke pekee aliyefika hapo. Kimathi alimpa jina la ndege thonjo, mfumaji, kwa akili yake ya kupanga mambo. Mimba yake iliharibika huko huko, na baadaye alikuwa akisema kwamba Kenya ndiyo mtoto wake pekee. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Muthoni alibaki porini. Alitoka baada ya uhuru wa Desemba 1963, akiwa na nywele alizozifuga tangu vitani, na nywele hizo hazikukatwa hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Jomo, alipozinyoa huko Nyeri.

Fikiria alichotoka nacho kichwani: miaka kumi na zaidi ya nyimbo.

Nchi aliyoingia haikuwa na hamu ya kuzisikia. Kenyatta alihimiza kusamehe na kusahau, na sheria ya kikoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ikaachwa kama ilivyokuwa mpaka serikali ya Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, ilipoiondoa mwaka 2003. Kwa miaka arobaini mkongwe wa msituni aliishi katika nchi huru akiwa, kisheria, mwanachama wa kundi haramu. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alipokusanya maneno ya nyimbo hizo na kuyachapa London mwaka 1980, kitabu kilikuwa juhudi kubwa ya kwanza ya kuzifikisha kwa wasomaji wa nje. Mwaka 1982 alitiwa ndani, akakaa gerezani miaka sita.

Sauti ilirudi kwa njia ya santuri. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, alianza kurekodi katikati ya miaka ya sitini, na wimbo wake *Ndari ya Mwarimu*, kuhusu mwalimu na mwanafunzi msichana, uliwakasirisha walimu hadi wakatishia kugoma. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyezaliwa katika familia ya maskwota na aliyewahi kuzuiliwa kambini, alipouawa mwaka 1975, Kamaru alimwimbia wakati ambapo hata kulitaja jina lake kulikuwa hatari. Na ni yeye aliyezichukua nyimbo za Mau Mau, akaingia nazo studio, akazirekodi upya kwa gitaa na waitikiaji.

Rekodi hizo zina kasoro yake, nami naipenda kazi hii vya kutosha kuitaja. Gitaa la umeme hunyoosha mahali ambapo sauti ya watu hupinda. Mapigo ya studio yana saa yake, ilhali umati unaotembea hufuata miguu. Wimbo ulioundwa ili uimbwe na watu elfu, mmoja akianzisha na wote wakijibu, umekuwa wa mwimbaji mmoja na waitikiaji wachache kwenye chumba kilichofungwa. Hata hivyo bila Kamaru vijana waliozaliwa Karatina na Nyeri baada ya uhuru wangebaki na maneno ya vitabuni. Aliziweka mahali zilipoweza kusikika, kwenye matatu, kwenye duka la santuri, kwenye redio ya jikoni, hasa baada ya Kameme FM kufungua mwaka 2000 njia ya vituo vya Kikuyu.

Kisha kuna mugithi. Tangu miaka ya tisini, kwenye baa za Nyeri, Karatina, Nanyuki na mitaa ya Nairobi, mtu mmoja hukaa na gitaa na mashine ya mapigo na kuwaimbisha watu usiku kucha, nao hujipanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama mabehewa. Mike Rua na Salim Junior walijenga majina kwa mtindo huo. Mwimbaji wa mugithi huanza na Kamaru, akaingia wimbo wa tohara, akapitia wa Mau Mau, akatumbukiza utenzi wa kanisa na kuupa maneno ya mapenzi au ya utani. Wachungaji hukasirika. Wangekumbuka Tumutumu wangejua kwamba tuni hizo zilianza safari hii zamani.

Hofu ya kanisa ilipata hata tume yake. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, akamweka mwenyekiti Nicodemus Kirima, Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nyeri. Ripoti ilipofikishwa bungeni mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo. Katika hewa hiyo, shuleni, kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa na kusikiliza magitaa yaliyopotoshwa alikuwa mshukiwa kabla hajafungua mdomo. Ndiyo hewa ambayo waliokuja kupiga metali kali nchini Kenya waliivuta utotoni.

Waliifungua midomo hata hivyo. Nairobi ya miaka ya 2010 ilikuwa na kundi dogo la bendi za metali zilizopanga maonyesho yao wenyewe, zikachangiana ngoma na vikuza sauti. Kutoka humo walitoka Martin Kanja, aliyeimba na Lust of a Dying Breed, na Sam Karugu wa Seeds of Datura. Wakaunda kundi la watu wawili, Duma, wakaenda Kampala mwaka 2019 kurekodi kwenye studio ya Nyege Nyege, na albamu yao ikatoka Agosti 2020. Hakuna mpiga ngoma: mapigo yametoka kwenye kompyuta, kwa kasi ambayo mkono wa mtu ungeshindwa kuidumisha, na juu yake kelele za umeme na sauti ya Kanja, anayejiita Lord Spikeheart. Dunia ya metali ilisimama kusikiliza. Mwaka uliofuata alisikika kwenye *Tewari*, albamu ya Mjapani Scotch Rolex.

Sauti hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi huidhani ni kupiga mayowe tu. Juu ya nyuzi za sauti tunazotumia kusemea kuna mikunjo mingine ya nyama. Mwimbaji hujifunza kuitetemesha, akisukuma pumzi kutoka tumboni huku akilegeza koo; akikaza, anajiumiza. Hutoka mngurumo wa chini ambao sikio huusikia kama mnyama au radi, au ukelele mkavu wa juu. Ni ufundi wa miaka.

Mnamo tarehe 19 Aprili 2024, kwa lebo yake mwenyewe ya Haekalu, Lord Spikeheart alitoa *The Adept*. Albamu hiyo aliitunuku Muthoni wa Kirima, anayemwita nyanya yake mkuu. Muthoni alikuwa amefariki Septemba 2023, miezi saba tu kabla.

Usitarajie kusikia humo tuni za Tumutumu au kiitikio cha Ruring'u. Mtu akinishika na kuniuliza uhusiano uko wapi, nitamwambia uko kwenye namna ya kutenda. Watunzi wa 1950 walichukua muziki ulioletwa na Wazungu, uliokuwa na wenyewe na kanuni zake, wakautumia kusema jambo ambalo wenyewe hawakulikusudia. Metali ilizaliwa Birmingham, ikakomaa Marekani, Norway na Brazil, na kijana wa Kenya ameichukua hivyohivyo akaitumia kumlilia Field Marshal wa Nyeri. Na sauti aliyoichagua inafaa. Wimbo wa studio ulio safi unaitendea heshima historia ya Muthoni, lakini unaisafisha pia: unaacha nje njaa, mabomu, mimba iliyopotea, maiti zilizoachwa bila kuzikwa. Kwenye *The Adept* hakuna kilichosafishwa.

Wapigaji wa metali kwingineko wamekuwa wakifanya kitu kinachofanana kwa kazi zao wenyewe. Mwaka 1985, mjini Belo Horizonte, Brazil, ndugu Max na Igor Cavalera, vijana ambao hawakuwa wametimiza hata miaka kumi na saba, walirekodi pamoja na wenzao wa Sepultura santuri fupi iitwayo *Bestial Devastation* kwa vifaa duni na muda wa siku mbili. Mwaka 2023, wakiwa watu wazima wa miaka hamsini na kitu, waliirekodi upya wimbo kwa wimbo, kwa ngoma zinazosikika na gitaa zenye uzito. Norway, Dimmu Borgir walikuwa wamefanya hivyo mwaka 2005 kwa albamu yao *Stormblåst* ya 1996. Kila mara mashabiki hugawanyika: wapo wanaofurahia usafi mpya, wapo wanaolilia vumbi la zamani. Mabishano hayo yanawezekana kwa sababu rekodi ya kwanza ipo rafuni. Unaweka moja, unaweka nyingine, unahukumu. Mwana wa Nyeri hana anasa hiyo. Hana cha kulinganisha na Kamaru, kwa hiyo Kamaru akikosea, kosa linakuwa historia.

Ndiyo maana ninamthamini mjukuu wa Kamaru, Joseph Kamaru aliyerithi jina la babu yake na anayejulikana ulimwenguni kama KMRU. Yeye mwenyewe hutunga muziki wa taratibu wa kelele za mazingira, akiishi Berlin, na mwaka 2022 alitoa *Temporary Stored*, kazi iliyojengwa juu ya sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Ubelgiji. Nyimbo za babu yake, aliyefariki Oktoba 2018, hakuziimba upya wala kuzitia mapigo mapya. Amezikusanya, akazisafisha na kuzitoa tena zikiwa na sauti ya mzee mwenyewe. Kati ya wajukuu wawili wa nchi moja, mmoja ameichukua sauti ya kale akaitunza kama ilivyo, na mwingine, kwa kuwa hakuachiwa rekodi yoyote ya kutunza, ametoa sauti yake mwenyewe. Kazi zote mbili zinahitajika, na sioni ya kwanza ikitosha bila ya pili.

Kuna ya tatu ambayo imecheleweshwa. Gitu wa Kahengeri, msemaji wa wapiganaji wa zamani, alifariki Januari 2023. Muthoni akamfuata Septemba. Waliobaki ni wakongwe sana sasa. Huko Tetu na Mathira, vijijini mwa Nyeri, bado wapo wanaoweza kuanzisha wimbo wa msituni na wakajibiwa na majirani wa rika lao. Wanahitaji mtu wa kukaa nao na kinasa sauti kizuri nje, mahali penye nafasi ya watu wengi, bila gitaa, na kuandika kando ya kila wimbo ni nani aliyeuanzisha, alijifunza kwenye kigongo kipi, na ni utenzi gani wa Tumutumu ulioutolea tuni yake.